Filamu Isiyo na Kisa

Mkebe wa bati ulikuwa juu ya meza, katikati yao, na tangu alipoingizwa chumbani Salim Mbarak alitazama kila kitu isipokuwa huo mkebe. Alitazama dirisha lenye nondo, akatazama viatu vyake vilivyotolewa kamba, akatazama mikono ya Inspekta Zeituni Badru iliyokuwa ikifungua kalamu. Alikuwa amelala rumande usiku mmoja tu, lakini uso ulikuwa umemshuka kama wa mtu aliyetoka kuugua.

Zeituni alimfahamu tangu utotoni. Duka la Salim la kamera na redio lilikuwa mkabala na msikiti aliokuwa akiswali baba yake, na kila Idi Salim ndiye aliyewapiga picha watoto wa Kaloleni. Asubuhi hiyo ya Agosti, mwaka wa tisini na moja, hakuna kati yao aliyeyataja hayo.

Walter Onyuka, afisa wa elimu mstaafu, alikuwa amekutwa Jumapili asubuhi akiwa maiti katika gereji ya nyumba yake, mtaani Milimani, Kisumu. Gereji hiyo haikuwahi kuwekwa gari. Onyuka alikuwa ameziba madirisha yake kwa karatasi nyeusi, akapaka ukuta mmoja chokaa, akaweka projekta na rafu za filamu alizozikusanya tangu aliporudi kutoka masomoni Ulaya. Alipigwa kisogoni mara moja, akaanguka kifudifudi, na filamu ilikuwa imetapakaa sakafuni kama matumbo. Selpha, mama aliyemfanyia kazi za nyumbani, ndiye aliyemkuta, akaenda kwa jirani kuomba simu. Soja wa lango, mzee Ouma, alisema mgeni pekee aliyefika Jumamosi alikuwa Salim, na kwamba aliondoka jua likizama, amekumbatia mkebe. Polisi waliukuta mkebe huo dukani kwake. Kifuniko kilikuwa na neno moja lililoandikwa kwa rangi nyeupe: UKINGO.

Mkuu wa upelelezi alitaka Salim afikishwe mahakamani siku hiyohiyo. Alimwambia Zeituni kwamba watu wa Milimani walikuwa wameshaanza kupiga simu kuuliza, na kwamba mtu aliyekutwa na mali ya marehemu alikuwa anatosha. Zeituni aliomba apewe mpaka jioni.

Alianza na mkebe. Alimwuliza Salim aliupataje, na Salim akasema alipewa. Onyuka alikuwa akipofuka. Presha ya macho ilikuwa imemla jicho la kushoto lote, na la kulia lilibaki na mwanga kidogo tu pembeni. Kwa mwaka mzima alikuwa akiwasha projekta na kukaa kwenye kiti chake akisikiliza mashine ikizunguka, huku ukutani haoni kitu. Mwezi huo akaamua kwamba filamu aliyoipenda kuliko zote iende kwa mtu mwenye macho.

"Kwa nini wewe?" Zeituni akauliza.

"Kwa sababu niliiomba miaka minane."

Konstebo Oketch, aliyekuwa akiandika mlangoni, aliinua kichwa. Zeituni akamwuliza Salim hiyo filamu ilikuwa na nini ndani yake.

Salim alieleza kwa sauti ya chini. Ilipigwa mwaka wa themanini na tatu, huko Uyoma, kando ya ziwa, na mwanamke aitwaye Rosa Apiyo, aliyesomea kazi hiyo ng'ambo na kufariki kabla hajatengeneza nyingine. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, haina sauti, urefu wake haufiki saa moja. Haina nakala. Kwanza yanaonekana maji na matete. Kisha mitumbwi iliyofungwa. Mwanamke anafua, anamaliza, anaondoka. Kisha kwa muda mrefu hakuna mtu. Baadaye mtoto anatokea mbali, amebeba karai la maji kichwani, anakuja polepole mpaka anafika karibu kabisa na kamera, anapita. Baada ya hapo ni maji tena, mpaka mwisho.

"Haina kisa," Zeituni akasema.

"Haina."

"Na mtu akae miaka minane akiiomba."

Salim alisugua macho. Alisema kwamba mara ya kwanza alipoitazama alisinzia. Mara ya pili aliona upepo ukibadilika kwenye matete. Mara ya tatu alijikuta akimngoja yule mtoto kama mtu anayemngoja wake mwenyewe atoke shule, na alipotokea, yeye Salim alitokwa na jasho mikononi. Filamu za watu kupigana, alisema, zilikuwa zimejaa madukani, kila mtu alikuwa nazo nyumbani kwenye kaseti. Hii ilikuwa moja.

"Nitakwambia ukweli, binti Badru, kwa sababu hapa si mahali pa kujipamba. Nusu ya raha ni hiyo filamu. Nusu nyingine ni kujua kwamba hakuna mtu duniani atakayeiona mpaka wewe umfungulie mlango."

Aliposema hivyo aliona aibu, akainamisha kichwa. Zeituni akafungua mkebe, akamsogezea. Ndani mlikuwa na filamu, lakini haikuwa ya maji wala matete. Oketch alikuwa ameishika mbele ya dirisha Jumapili akaona ng'ombe wakitumbukizwa kwenye josho la dawa ya kupe. Ilikuwa filamu ya mafunzo ya wakulima.

"Hii uliijua lini?"

Salim alisema aliijua Jumapili. Jumamosi hakufungua. Alitaka kuifungua akiwa peke yake, ametulia, baada ya swala ya alfajiri. Alipowaona wale ng'ombe akajua amechezewa, akamlaani Onyuka kwa maneno ambayo hangeweza kuyarudia mbele ya mwanamke. Alikuwa akivaa viatu aende Milimani kumkabili ndipo polisi wakabisha. Kumbe wakati anamlaani, mtu mwenyewe alikuwa ameshalala sakafuni tangu jioni.

Oketch alikohoa. Akiruhusiwa kusema, alisema, labda mshukiwa alifungua mkebe Jumamosi hiyohiyo njiani, akarudi kwa hasira kupitia tundu la ua, wakagombana. Daktari wa hospitali kuu alikuwa amesema mzee alikufa jioni ya Jumamosi, chakula cha usiku kikiwa hakijaliwa. Ilikuwa hoja nzuri, na mkuu wa upelelezi alikuwa ameitoa hiyohiyo kwa maneno mengine. Zeituni hakuwa na kitu cha kuivunja, isipokuwa jambo moja: kama Salim alirudi kuua kwa ajili ya ile filamu, kwa nini aliondoka tena bila kuichukua? Na iko wapi?

Akamtuma Oketch stoo. Alirudi akiburura gunia. Ndani yake mlikuwa na ile filamu iliyotapakaa sakafuni, ambayo Jumapili askari waliizoa kwa mikono kama takataka, kwa kuwa gereji yote ilikuwa na filamu na hakuna aliyejua hii ni ipi.

Salim hakungoja aambiwe. Alipiga magoti kando ya gunia, mikono ikiwa na pingu, akavuta ncha, akaiinua kuelekea mwanga wa dirisha. Kisha akaanza kulia. Zeituni aliyaona machozi hayo na akakumbuka kwamba asubuhi hiyo, alipomwonyesha picha ya maiti ya rafiki yake, Salim alikuwa ametikisa kichwa tu.

"Ndiyo yenyewe," Salim akasema. "Mmeifunga kwenye gunia la mahindi."

Zeituni aliagiza atolewe pingu. Akamwambia aipitie yote, taratibu, aseme kama kuna kitu kimeharibika. Kazi hiyo iliwachukua muda mrefu. Salim aliipitisha filamu katikati ya vidole viwili, akitaja kila anachokiona: matete, mitumbwi, yule mama anayefua, ufuo mtupu. Ghafla vidole vikasimama. Alirudi nyuma kidogo, akasogea mbele, akachukua kipande kingine kutoka guniani na kukilinganisha.

"Imekatwa hapa," akasema. "Na inaendelea hapa. Katikati hakuna."

"Katikati kulikuwa na nini?"

"Mtoto. Ameondolewa mtoto peke yake."

Zeituni aliichukua ile ncha. Haikuwa imechanika kwa kuvutwa. Ilikatwa kwa kisu butu, kwa mtu kukandamiza na kusogeza mara nyingi, na ncha ya pili ilikuwa hivyohivyo. Aliyekata hakuwa na haraka. Alijua anapoanzia na anapoishia.

Akamwuliza Salim kama mkusanyaji mwingine angeweza kufanya hivyo, labda kwa kuwa hakuweza kubeba yote. Salim alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama angekula nyama ya maiti. Mkusanyaji angeiba yote, alisema, au angeichoma moto yote ili mwenzake asiipate, watu wa namna hiyo wapo. Lakini kuikata hawezi. Onyuka mwenyewe hakukubali hata isimamishwe ikishaanza. Ukitaka kwenda msalani, ungoje. Kusimamisha filamu ile katikati, kwake, ilikuwa kama kumkatiza mtu anayeswali.

Hapo ndipo Salim alipokumbuka jambo. Jumamosi, baada ya kutazama, alikuwa ameikagua filamu kwa vidole ilipokuwa inaviringishwa kurudi mwanzo. Alikuta sehemu moja imechakaa. Kwingine filamu ilikuwa safi, lakini pale penye mtoto palikuwa na mikwaruzo, na vitundu vya pembeni vilikuwa vimelegea, kana kwamba dakika ile imepitishwa kwenye mashine mara nyingi kuliko filamu nyingine yote. Alimwambia Onyuka. Mzee alikasirika, akaapa kwamba yeye huionyesha kutoka mwanzo hadi mwisho, na si kila wiki.

"Ulimwamini?"

"Nilimwamini. Nikafikiri ni mashine."

"Mashine haichagui mahali," Zeituni akasema.

Kisha akamwuliza swali ambalo alipaswa kuwa amemwuliza mwanzo kabisa. Mkebe ulitoka gerejini mikononi mwa nani?

Salim alijibu kwamba alishasema, Onyuka alimpa barazani. Zeituni akarudia: Onyuka alikuwa hawezi kuona, na walikuwa wamekaa barazani wakinywa chai. Aliyeutoa gerejini mpaka ukafika mkononi mwa Onyuka alikuwa nani? Salim aligeuka akautazama mkebe. Ilionekana wazi kwamba hakuwahi kulifikiria, kama vile mtu asivyofikiria sukari imefikaje kwenye chai.

"Yule mama," akasema. "Mfanyakazi. Aliambiwa alete, akaleta."

*

Zeituni na Oketch walifika Milimani mchana. Mzee Ouma aliwafungulia lango akasema ndugu wa marehemu walikuwa njiani kutoka Bondo kuja kupanga mambo ya maiti, na kwamba Mama Selpha yuko nyuma, kwenye chumba chake. Zeituni hakwenda nyuma. Aliingia kwanza gerejini.

Alimwambia Oketch afunge mlango. Giza lilipotulia wakawasha tochi. Kiti cha Onyuka kilikuwa mbele, karibu na projekta. Nyuma kabisa, kati ya rafu ya mwisho na ukuta, palikuwa na meza ya mbao iliyotandikwa blanketi kuukuu, na chini yake kigoda. Jumapili walikuwa wameipita meza hiyo bila kuijali, kwa kuwa juu yake palikuwa na nguo tu. Zeituni alikaa kwenye kigoda. Kutoka hapo ukuta mweupe ulionekana wote, na mtu aliyekuwa mbele kwenye kiti hangejua kama nyuma kuna mtu.

Akamulika meza. Upande mmoja kulikuwa na mashati yaliyokunjwa vizuri. Upande mwingine kulikuwa na mengine yaliyosokotana, hayajaguswa. Blanketi lilikuwa na alama ya kuungua, na majivu kidogo.

"Jumamosi alikuwa anapiga pasi hapa," Zeituni akasema. "Akaacha nusu."

Oketch alimulika chini ya meza, akamulika rafu. Kisha akasema kile ambacho Zeituni alikuwa akingoja akione mwenyewe, kwamba pasi haimo.

Daktari alikuwa ameandika kwamba kilichompiga marehemu kilikuwa kizito, bapa, chenye ncha moja mbele. Askari walikuwa wamekisia mkebe wa filamu, lakini mkebe ni mviringo, hauna ncha popote. Zeituni alizima tochi, akatoka nje kwenye jua.

Chumba cha Selpha kilikuwa mwisho wa ua, nyuma ya mipapai. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amesimama mbele ya meza ndogo, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, amefunga kitambaa cheusi kichwani, na mkononi alikuwa na pasi ya makaa. Mbele yake palikuwa na shati jeupe la kiume. Alisema, bila kuulizwa, kwamba watu wa Bondo waliagiza nguo ya kumvika marehemu.

Oketch aliingiza mkono kwenye mkanda. Zeituni alimgusa kiwiko, akamfanya abaki mlangoni. Pasi ilikuwa imejaa makaa na ilikuwa umbali wa mkono kutoka usoni pa Zeituni. Aliona ncha yake ya mbele, iliyosuguliwa ikang'aa kuliko sehemu nyingine zote za chuma kile.

"Mama, iweke chini kwanza," akasema. "Tuongee."

Selpha aliitazama ile pasi kana kwamba anashangaa imefikaje mkononi mwake. Kisha akaisimamisha juu ya kigae, kwa uangalifu, isiunguze meza.

Zeituni alibadilisha lugha, akasema naye Kijaluo, alichokijua tangu akicheza na watoto wa Manyatta. Alimwuliza kwao ni wapi. Selpha akasema ameolewa Uyoma. Alimwuliza ana watoto wangapi. Selpha akasema hana.

"Aliyekuwa na karai kichwani aliitwa nani?"

Mama yule alikaa kitandani.

"Odero," akasema.

Zeituni alimkatiza hapo. Alimweleza kwamba yeye ni inspekta wa polisi, kwamba halazimiki kusema neno lolote, na kwamba atakalolisema litaandikwa na litasomwa mbele ya jaji. Alimwuliza kama ameelewa. Selpha akasema ameelewa, na akaendelea pale alipoishia, kama mtu aliyesubiri sana kuulizwa.

Siku Rosa Apiyo alipokuja na kamera yake, akiongozwa na Onyuka, Selpha alikuwa ameenda sokoni. Hakujua kama mtoto wake amepigwa picha. Mwaka huohuo mvua zilipokuja ikaja surua, ikamchukua Odero akiwa na miaka saba. Hakuwa na picha yake hata moja. Baadaye mume naye akafa, naye akaja Kisumu kutafuta kazi. Onyuka alimwajiri kwa kuwa alitoka Uyoma, mahali alipopapenda. Siku moja aliingia gerejini na sinia la chai, na mtoto wake alikuwa ukutani anamjia.

"Vikombe vikaanguka," Selpha akasema. "Mzee akasema si kitu, ni giza."

Hakumwambia. Zeituni alimwuliza kwa nini, miaka yote hiyo.

"Ningesema nini? Yeye alimwita yule mtoto. Wageni wake wote walimwita yule mtoto. Wanakaa pale, wanasema ona yule mtoto anavyotembea, halafu wanakunywa chai yangu."

Alijifunza mashine kwa kutazama. Mzee alipokwenda hospitalini kwa ajili ya macho, au alipolala mchana, Selpha aliiweka filamu, akaipeleka hadi pale penye mtoto, akamtazama akija, akairudisha nyuma, akamtazama tena. Ndiyo maana alihamishia meza ya pasi gerejini. Ukutani Odero alikuwa mkubwa kama alivyokuwa. Alitembea kama alivyotembea, kisigino cha kulia kikiburuza kidogo.

Jumamosi alisikia barazani kwamba filamu inaondoka. Akawatia wale ng'ombe kwenye mkebe wa Ukingo, akaupeleka alipoambiwa. Jioni, mgeni alipoondoka, aliamua amtazame Odero mara moja kabla ya kuificha. Alisahau kwamba mzee, kwa vile macho yamekwenda, alikuwa anasikia projekta hata akiwa chumbani kwake.

Onyuka aliingia akauliza ni nani. Hakufoka. Alipoambiwa yote alivuta kiti akakaa. Alisema amefurahi kujua jina la mtoto. Alilitaja jina hilo mara mbili. Kisha akasema filamu itiwe kwenye mkebe mwingine, na kesho yake atampigia Salim simu aje kuichukua.

"Nikamwomba anikatie," Selpha akasema. "Si yote. Mtoto tu. Wao wabaki na maji yao. Akaniambia haiwezekani, mtoto ndiye moyo wa filamu, bila yeye hakuna kitu. Akasema Rosa aliitengeneza nzima, na kitu kama hicho hakikatwi. Alinieleza kwa upole sana, kama mwalimu. Labda angenifukuza ningetoka. Alikuwa hata hamwoni. Mwaka mzima alikuwa hamwoni, na bado ni wake. Akasimama, akanipa mgongo, akaanza kupapasa rafu kutafuta mkebe. Pasi ilikuwa hapo."

Hakusema zaidi kuhusu pasi, na Zeituni hakumsukuma. Aliandika, akamsomea, Selpha akaweka dole gumba.

Oketch aliingia kuuchukua ushahidi. Pasi ilimwagwa makaa, ikapoa, ikafungwa kwenye gazeti. Zeituni alimwuliza Selpha kipande cha filamu kiko wapi. Mama yule alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, akatoa mkebe wa mafuta ya kupikia uliofungwa kwa kitambaa. Ndani, filamu ilikuwa imeviringishwa kwa ustadi. Zeituni aliivuta kidogo, akaiinua mlangoni mbele ya mwanga. Aliona picha nyingi ndogo zilizofuatana, kila moja na mtoto mmoja, karai moja, ufuo mmoja, hakuna tofauti kati ya moja na nyingine ambayo jicho lingeweza kuishika.

"Jana mlipoondoka nilikaa naye hapo mlangoni mpaka jua likazama," Selpha akasema. "Ni mdogo kama ukucha. Na hatembei. Nilidhani nikimtoa atakuwa wangu. Lakini hapa hatembei."

Zeituni aliirudisha filamu kwenye mkebe, akafunga kifuniko. Alimwambia achukue shuka, kwa sababu rumande kuna baridi asubuhi. Selpha hakusimama. Alikuwa anafikiri jambo, na alipouliza, aliuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya unga.

"Hii filamu mnaipeleka kwa jaji?"

"Ni ushahidi. Itapelekwa."

"Ataiona vipi?"

Zeituni alisema inawezekana mahakama ikaamuru ionyeshwe ukutani, yote, ili jaji aone kilichokatwa. Lakini hilo hutokea kesi ikisikilizwa. Kesi ikiwa haina ubishi, mambo huwa mafupi, huenda isionyeshwe.

"Kama mtu anakataa kosa?"

"Hapo lazima wathibitishe kila kitu."

"Basi nitakataa."

Zeituni alimkumbusha, bila ukali, kwamba maneno yake yalikuwa yameshaandikwa na dole lake limo, kwamba kukataa hakutamwokoa, na kwamba adhabu ya kosa hilo ilikuwa moja, kitanzi. Selpha akasema anaijua. Wao wafanye kazi yao, yeye atakataa. Alisimama, akachukua shuka, akaikunja juu ya mkono. Nje gari la watu wa Bondo lilikuwa linapiga honi langoni, na mzee Ouma alikuwa akitembea kwenda kulifungulia.

Walipofika kwenye Landrova Selpha aliuliza ni nani atakayeiunganisha filamu, kwani aliwahi kumwona mzee akiunganisha nyingine na kazi ile haikuwa ya kila mtu. Zeituni akasema Salim Mbarak atatolewa jioni hiyo, na hakuna mwingine mjini anayeweza. Ataombwa yeye.

"Mwambie aiunganishe vizuri," Selpha akasema, akipanda. "Pale nilipokata mwisho, Odero alikuwa ameinua mguu."